Kipa na Karatasi ya Mwisho

Wanangu, sogeeni mbele. Na nyie wa pale mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, ingieni tu. Najua leo kuna mechi. Mimi ni bibi mzee, siyo kiziwi. Nimewasikia tangu getini mkibishana nani atafungwa. Sitawachelewesha. Nina kipa mmoja tu wa kuwasimulia, nikimaliza kwaya iimbe twende zetu.

Palikuwa na kipa mmoja. Siyo wa timu kubwa. Alikuwa kipa wa maveterani, wale kina baba wenye vitambi wanaocheza Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja cha shule, nusu ya mchezo wanakimbia na nusu wameshika viuno. Siku za kazi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Tena mtu mwema. Nalisema hilo mapema, asije mtu akakaa hapo akadhani namsimulia mlevi wa jirani yake. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na kwake sufuria halikukaa tupu. Alikuwa kama wewe, na kama huyo uliyekaa naye.

Ila Jumamosi na Jumapili zilikuwa zake. Asubuhi mpira, ukiisha mpira supu, ikiisha supu wote wanahamia banda la video kutazama mechi za mbali, zikiisha mechi inawekwa filamu ya mapigano. Jumapili akitoka kanisani anajilaza uani na riwaya ya kipelelezi mpaka jua linamkimbia.

Mwenye banda naye alikuwa mtu wa vituko. Filamu zilikuja na lugha za watu, basi yeye alisimama kando ya skrini na kipaza sauti, akizitia Kiswahili: "Hapa bosi anasema, kijana, leo utanitambua! Kijana anamjibu, mzee, nitambue wewe kwanza!" Watu hoi kwa kicheko. Humo humo bandani alikuwa na rafu ya riwaya za kukodisha. Watu walikuwa wakizichukua, hawarudishi. Akabuni dawa yake: kila kitabu akakichana karatasi ya mwisho, karatasi zote akazitia kwenye kopo la bati la maziwa ya unga. Unasoma, unasoma, muuaji anakaribia kujulikana, unafunua ukurasa, patupu! Ukitaka kumjua muuaji, rudisha kitabu, upewe karatasi yako uisome palepale, umesimama.

Sasa, mbele ya kipa huyu, miaka yote, alisimama beki mmoja. Makabila yao ni watani, na wao wawili waliushika utani wakaufanya chakula. Beki alikuwa mrefu, mkavu, goti halikunjiki vizuri. Kipa akamwita Mguu wa Meza. Na kipa akifungwa goli la kizembe, beki alikuwa akigeuka na kupaza sauti kiwanja kizima kisikie: "Wewe Mlango wa Kanisa! Kila mtu anaingia, hata asiyebatizwa!"

Lakini washambuliaji wakija kwa kasi, kelele zile zilikoma. Likabaki neno moja tu. Kipa alimwambia beki, "Mfuate! Nipo nyuma yako." Naye beki alikwenda bila kugeuka kutazama. Nani anageuka, wanangu, akishaambiwa hivyo na mtu anayemwamini?

Siku moja kiatu kikamchubua beki kidole. Kidonda kidogo, cha kupaka mafuta ukasahau. Kumbe damu yake ilikuwa na sukari na hakujua. Kidonda kikala kidole, kikapanda. Beki akakosa Jumamosi moja, akakosa na ya pili, kisha watu wakazoea pengo lake.

Kipa hakumsahau. Hapo ndipo pagumu pa hadithi hii, nawaomba mpashike. Alimtumia machungwa. Alimtumia soda na biskuti. Kila aliyepita njia ile alimwambia, "Ukimwona Mguu wa Meza, mwambie namsalimu sana." Ila mwenyewe hakwenda. Tangu alipomuuguza baba yake mpaka akamzika, harufu ya dawa ya kidonda ilimrudisha nyuma. Mtu anayejirusha kwenye miguu ya washambuliaji, kichwa mbele, akauogopa mlango wa mgonjwa! Na nyumba yenyewe haikuwa mbali. Ni kukata kichochoro cha mashine ya kusaga, basi umefika.

Ijumaa moja mke wa beki akaja karakana. Mkononi ana riwaya, jalada lake lina bastola na gari linaloungua.

"Hodi, fundi."

"Karibu, shemeji! Huyo Mguu wa Meza anatambaa au anatembea?"

Mwanamke akatabasamu kidogo, tabasamu likaishia njiani. "Anakusalimu. Jumatatu alfajiri tunakwenda hospitali ya mkoa. Mguu unakatwa, shemeji. Hapa, chini ya goti."

Kipa akazima mashine. Akavua ile miwani nyeusi ya kuchomelea, akaishika, akaivaa tena.

"Sasa ana ombi," mwanamke akasema. "Amesoma hiki kitabu, kimeishia hewani kama kawaida yake yule mwenye banda. Anasema ukirudishe wewe, uchukue karatasi ya mwisho, umpelekee. Wewe mwenyewe, shemeji. Usitume mtu."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Kesho, au keshokutwa. Isifike Jumatatu."

"Mwambie asiwe na wasiwasi. Mwambie Kipa yupo nyuma yake."

"Nitamwambia hivyo hivyo," akasema mwanamke, akaondoka haraka, kama mtu aliyebeba kitu cha moto asichotaka kipoe njiani.

Kipa akaenda bandani jioni ile ile. Mwenye banda alipokiona kitabu akacheka. "Beki huyo? Kitabu hiki tena? Sawa, mgonjwa hana kosa." Akaitafuta karatasi kwenye kopo, akampa. "Sitoi nje karatasi, lakini kwa mgonjwa, chukua. Utairudisha." Kipa alikuwa ameshageukia ubao wa matangazo kuona kesho wanacheza nani na nani. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa glovu zake, ili asiisahau.

Jumamosi wakacheza, wakashinda. Kipa akafungua mfuko arudishe glovu, karatasi ikadondoka. Akasema, "Jamani, twendeni kwa Beki. Jumatatu anakatwa mguu."

Wenzake wakaanza kukusanya viatu. Kisha mmoja akasema, "Twende kwa mgonjwa tunanuka hivi? Tukaoge kwanza." Lilikuwa neno la adabu, wote wakalikubali. Wakaenda kuoga. Waliporudi wakakutana penye supu, maana mtu haendi kwa mgonjwa na njaa, utamtia mwenye nyumba kazi ya kupika. Supu ikaisha, mechi ikawa imekaribia kuanza. "Tutazame kipindi cha kwanza tu." Nani kati yenu amewahi kutazama kipindi cha kwanza akaondoka? Ikafuata mechi ya pili. Baada ya mechi ikawekwa filamu, na siyo filamu yoyote, ni ile waliyoahidiwa mwezi mzima.

Katika filamu hiyo askari mmoja amepigwa risasi ya mguu, amelala bondeni. Mwenzake ameshavuka mto, ameshapona. Anageuka, anamwona mwenziwe kule nyuma. Banda zima likasimama. "Usimwache! Rudi! Rudi, bwana, rudi!" Yule askari akarudi katikati ya risasi, akambeba mwenziwe mgongoni. Na mwenye banda, kipaza sauti mdomoni, sauti imemlegea kwa huzuni: "Hapa anamwambia, ndugu yangu, tulikuja wawili, tutaondoka wawili."

Kipa akalia. Aliinua shati akafuta macho. Wenzake nao walikuwa wakivuta makamasi, wanaume wazima, wakisingizia vumbi.

Wanangu, naomba mniambie. Yale machozi yalikuwa ya nani? Kivuli cha kwenye skrini kimepigwa risasi ya mguu, watu wanalia wanasimama. Mtu wa nyama na damu, waliyekula naye supu, amelala ng'ambo ya kichochoro na mguu wake, na hakuna aliyesimama.

Jumapili kipa akaja kanisani. Akaimba vizuri tu. Alipokwisha kula mchana, akaitoa karatasi aipeleke. Alikuwa ameshavaa viatu. Akasema, ngoja nitupie jicho, nijue nampelekea nini. Akasoma. Kumbe muuaji ni daktari! Daktari gani? Na huyu mjane anayeshukuru mwishoni ni nani? Ile kiu ikamshika, mnaijua. Akasema, nikienda hivi, Beki akiniuliza jambo nitamjibu nini? Badala ya kukata kichochoro cha mashine, akaenda bandani, akakichukua kile kile kitabu, akarudi nacho uani, akajilaza.

Mkewe akapita na ndoo. "Baba, si ulisema unakwenda kwa shemeji?"

"Nakwenda. Nasoma haraka niweze kumsimulia vizuri."

"Yeye si amekisoma? Wewe umsimulie nini?"

"Mama nanihii, wewe huvijui hivi vitabu."

Mkewe akapita tena, ndoo imejaa. Hakusema kitu. Na mwanamke akikunyamazia hivyo, mwanangu, ujue amemaliza kusema.

Alipofunga kitabu, kuku walikuwa wameshapanda kulala. Akatazama mbingu. Akasema, mgonjwa hasumbuliwi saa hizi, tena ana safari. Nitawahi alfajiri, niwakute kabla hawajatoka. Mama yangu mzaa chema alikuwa na neno lake kwa watoto wazito: "Kesho ni mlango uliochorwa ukutani. Utaushika kitasa mpaka uchoke."

Alfajiri akawahi kweli, karatasi mfukoni. Akakuta kufuli mlangoni. Jirani aliyekuwa akifagia akamwambia, "Wameshaondoka. Gari lilikuja mapema. Walisubiri kidogo, mgonjwa hakutaka kupanda, alikuwa akitazamatazama kichochoroni. Mwishowe wakambeba."

Kipa akasimama pale na karatasi yake.

Siku kadhaa zikapita, akasikia mke wa beki amerudi kuchukua nguo. Safari hii alikimbia. Akamkuta anafunga mkoba.

"Shemeji, nisamehe. Nilichelewa. Amekatwa?"

"Amekatwa. Anaendelea, tunashukuru."

"Basi hii hapa, mpelekee. Angalau ajue mwisho."

Mwanamke akaipokea ile karatasi, akaigeuza huku na huku. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Shemeji, mwisho anaujua. Hiki kitabu alikisoma zamani. Alinisimulia chote nikimenya viazi, nikamlaumu kwamba kaniharibia utamu. Muuaji ni daktari."

"Sasa… sasa aliniagiza ya nini?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Nikamwambia, si nimwite tu Kipa aje kukuona? Akasema, 'Humjui yule. Anaogopa wagonjwa. Ukimwambia njoo unione, ataleta machungwa kwa mkono wa mtu. Mwambie aniletee hadithi. Kwa hadithi atakuja mbio.'" Mwanamke akafunga zipu ya mkoba. "Akanituma niweke kigoda pale kando ya kitanda. Jumamosi kutwa, Jumapili kutwa. Kila nikiweka kikombe juu ya kile kigoda, ananifokea: 'Toa kikombe hapo, Kipa atakaa wapi?' Alikuwa na woga, shemeji. Nilimwambia maneno yote ninayoyajua. Lakini alitaka lile la kiwanjani, na alitaka alisikie kwako."

Kipa akaubeba ule mkoba mpaka mlangoni.

Beki akarudi nyumbani, yu hai, na magongo mawili. Siku hiyo maveterani wote walikwenda, wameoga, wamevaa mashati ya kunyoosha, na kapu kubwa la vitu. Kipa alitangulia. Njia nzima alikuwa akiomba jambo moja tu: atukanwe. Aliomba beki amwone mlangoni na apaze sauti, "Wewe Mlango wa Kanisa, umefika leo?" Akitukanwa amepona. Mtani hanuni, mtani akikutukana amekusamehe. Naye Kipa alikuwa na jina la Beki mdomoni, lile la siku zote, na alipoingia akaona jinsi blanketi lilivyolala tambarare upande mmoja, na jina akaliacha mlangoni. Utamwitaje mtu Mguu wa Meza sasa?

Beki akainua macho. Akatabasamu, tabasamu la kupokea wageni.

"Karibu, bwana," akasema. "Karibuni sana. Poleni na kazi. Asanteni kwa kuja."

*Bwana.*

Kipa akatafuta pa kukaa. Kigoda kilikuwa pale pale, kando ya kitanda, na juu yake kikombe cha chai iliyopoa. Akakitazama kile kikombe. Beki naye akakitazama. Mke wa beki, amesimama mlangoni, akakitazama.

Hakuna aliyesema kitolewe.

Kipa akakaa chini, kwenye mkeka, na wageni wengine.

Basi, wanangu. Sisi tunasemaje?

Sikusema mpira ni dhambi. Hata mimi nina timu yangu na siitaji, nisije nikagawa usharika. Wala sikusema msisome hadithi, maana mimi ambaye sikusomeshwa nawaonea wivu mnaosoma. Yule kipa hakupotezwa na mpira. Wala filamu haikumpoteza, ile filamu ilimhubiria vizuri kuliko mimi leo! Alipotezwa na kutuma. Sisi tumekuwa watu wa kutuma. Tunatuma machungwa. Tunatuma salamu. Siku hizi tunatuma na vile vimikono viwili vilivyobanana vya kwenye simu, tunahesabu tumeshasali. Salamu hutumwa, wanangu. Miguu haitumwi. Na mgonjwa anasikiliza miguu.

Na hili nalo mlibebe nyumbani. Mwenzako akikuomba kitu kidogo, mtazame usoni kabla hujamjibu. Anayekuja kuomba chumvi saa mbaya ana chumvi kwake. Baba mzee anayepiga simu kuuliza, "Hivi ile redio inafunguliwaje?" amefungua redio hiyo miaka mingi kabla hujazaliwa. Mtu anaona haya kusema, "Nakuhitaji wewe." Basi anaomba karatasi.

Na Yeye aliyetuita hapa leo, mnadhani anapungukiwa nyimbo? Mnadhani anangoja tumweleze habari zetu ndipo ajue? Mwisho wa hadithi anaujua, tangu kabla kitabu hakijaandikwa. Anatuomba vitu vidogo, sala fupi, saa moja ya Jumapili, bakuli la uji kwa jirani, ili tuje. Ametuwekea kigoda. Kila kitu kikiwekwa juu yake anasema, "Kitoe hapo, mwanangu atakaa wapi?" Lile neno lake kuhusu mgonjwa na aliyekwenda kumtazama mnalijua, sirudii. Nauliza tu, kutoka hapa mpaka getini, ni nani anakungoja na wewe umeshavaa viatu?

Msije hapa baada ya ibada kuniambia, "Bibi, umesema vizuri." Hiyo nayo ni salamu. Nendeni mkagonge mlango. Mechi mtaikuta katikati, haiumi.

Na yule kipa, mtaniuliza. Bado anakwenda. Kila Jumamosi, kabla ya mpira, siyo baada, anakata kichochoro cha mashine, anabisha hodi, anakaribishwa kwa adabu zote. Anakaa kwenye mkeka. Wanaongea habari za mvua. Chai inaletwa. Kisha anaaga na beki anamwambia, "Asante, bwana," naye anatoka akiwa ameinamisha kichwa, kwa sababu wiki nyingine imepita na hajatukanwa.